Kamba Iliyobaki Bandani

Jioni ile Breki alitaka jambo moja tu: amrudishe farasi wa watu, kisha awahi nyumbani kwa mwanawe.

Jina hilo alibandikwa na wachukuzi wenzake, kwa kuwa mkokoteni wake haukuwa nazo. Farasi wake mwenyewe alikuwa amevimba goti, ndipo Mzee Kofia, mchukuzi mstaafu wa mtaa wa juu, akamwazima jike wake mweusi. Alimwazima upesi mno, ukiniuliza mimi. Hakuuliza hata wa kazi gani. Tangu hapo simu yake ikawa haipatikani, na jike yule, kila jua likizama, hugeukia ukutani akatetemeka mwili mzima.

"Mrudishe," mkewe alimwambia. "Mtoto anamwogopa. Na mimi pia, basi tu sisemi."

"Mwenyewe hapatikani, nimkabidhi nani?"

"Mfunge bandani kwake, uje zako. Tumechoka."

Breki akachukua kamba, akamvisha. Kamba ile alisukiwa na binti yake wa pekee, kwa vitambaa vya magauni yaliyokwisha kumbana. Aliipenda kuliko kifaa chochote cha kazi yake.

Sasa, wachukuzi wana mwiko wao mmoja ambao hawautanii. Farasi wa kuazima haachwi na kamba yako. Mlangoni unamvua yako, mwenyewe anamvisha yake, mnashikana mikono, yamekwisha. Ukiacha chako juu ya mnyama wa mtu umekitoa, pamoja na aliyekitengeneza. Breki alilijua hilo kabla hajaota ndevu.

Nyumba ya Mzee Kofia ilikuwa na kufuli. Banda, kule nyuma, lilikuwa wazi.

Harufu ya udongo mbichi ilimpiga puani, kama ya shimo lililochimbwa sasa hivi. Jike akagoma. Breki akavuta.

"Hodi! Mzee Kofia?"

Akaita tena.

Kisha ndani ya banda majani makavu yakakwaruza. Mtu akakohoa.

"Ingiza," sauti ikanong'ona.

Breki akashusha pumzi. Kumbe yupo! "Shikamoo, mzee. Tumekupigia mpaka simu imechoka..."

"Ingiza tu."

Mkono ukatoka gizani, kiganja juu. Ulikuwa mkono wa mzee, sawa. Lakini ulitokea chini mno, usawa wa kwato, kana kwamba mwenyewe amesimama ndani ya ardhi hadi kifuani.

Jike akalia. Breki, aliyekulia mazizini, hakuwahi kusikia farasi akilia vile.

"Na kamba?" sauti ikauliza.

"I... ibaki, mzee. Ibaki tu."

Akaiachia, akatimua mbio, kiatu kimoja huku, kimoja kule.

Ng'ambo ya njia, mshona nguo alikuwa akifunga kibanda chake. Akamtazama Breki anavyohema.

"Kaka, ulikuwa unaongea na nani huko?"

"Na Mzee Kofia."

"Mzee Kofia alihama siku ile ile uliyomchukua farasi. Na begi moja tu. Aliniaga mimi hapa." Akapunguza sauti. "Alisema aliye bandani si wake, alimkuta. Alisema hakai bila kitu cha kushika."

Simu ya Breki ikalia. Mkewe.

"Njoo! Mtoto anavutwa!"

"Na nani?"

"Simwoni mtu! Nimemkumbatia, tunaburuzwa wote mlangoni... Baba Binti, shingo yake! Ina alama ya kamba!"

Breki akageuka kurudi. Msidhani alikuwa shujaa. Alikuwa analia kwa sauti, makamasi yanamtoka, na miguu yake haikutaka kabisa kwenda huko. Alikwenda.

Jike alikuwa amebanwa pembeni, macho yametoka. Kamba haikuwa tena shingoni mwake. Ilinyooka kutoka mlangoni, bila kushikwa na mtu, hadi kona ya giza, imekaza, na mwisho wake umezama udongoni. Kidogo kidogo ilikuwa ikiingia.

Mkono wa Breki ukaenda kwenye kisu cha kiunoni mwake, ukarudi. Nani angejua akiikata kamba hii atakuwa amekata nini?

Akapiga magoti. "Nirudishie. Ni ya mwanangu. Nakuomba."

"Ulisema ibaki."

"Nilikosea! Niliogopa tu!"

Kamba ikasimama. Ikalegea kidogo. Sauti ikaja karibu sana sasa, chini ya magoti yake, ya upole, karibu ya kusikitisha.

"Na mimi nishike nini?"

Ndani ya simu, ambayo hakuikata, mkewe alikuwa akipiga mayowe.

Breki akanyoosha mkono wake wa kulia.

Mtoto ni mzima. Alama ilififia, hata hakumbuki. Jike mweusi alikutwa asubuhi anakula majani kando ya njia, mtulivu, na mpaka leo hakuna aliyejitokeza kumdai. Mzee Kofia hapatikani. Mshona nguo amehamisha kibanda chake, na ukimuuliza anasema biashara ilikuwa mbaya.

Mkono wa Breki haukukatika. Upo palepale begani, ila ni wa baridi, na kila jua likizama hunyooka wenyewe kuelekea mtaa wa juu. Mguu nao hufuata. Mkewe amezoea: humshika kiunoni, hukaza miguu mlangoni, wakasubiri hadi giza liingie vizuri ndipo kitu kile cha bandani kinapomwachia.

Juzi alimshika kwa nguvu zake zote, na bado wote wawili wakaburuzwa hadi nje ya geti.