Bi Hajrija Alimtoa Nani?

Haya, vuteni viti, na mwenye moyo mwepesi atoke sasa hivi, nisije nikalaumiwa mie.

Zumra alikuwa uani anaanika mashuka, mchana kweupe, theluji imelala juu ya mapaa yote ya mji wa Travnik na mashuka yenyewe yamekakamaa kama mbao. Akasikia sauti yake mwenyewe ikivuma jikoni. Si kuimba kwa maneno, ni ule mvumo wake wa puani, mmm-mmm, anaouvumisha akitandaza jufka, ule unga wa pai unaovutwa mpaka unaona maua ya kitambaa cha meza chini yake. Akafunga mdomo kabisa. Mvumo ukaendelea.

Akaingia ndani mbio. "Mama, kuna mtu alikuwa jikoni anajifanya mimi."

Ifeta, mama yake, alikuwa anakunja jufka za wateja. Hata kichwa hakuinua. "Ni wewe mwenyewe, roho yangu. Nani mwingine anavuma kama nyuki humu ndani?"

Sasa Zumra alizaliwa na usonji, hilo hata paka wa mtaa walilijua. Hamwangalii mtu usoni. Akichoka anajitikisa. Umguse kijiti chake cha kusukumia unga, weee, utamsikia mpaka sokoni! Daktari wa mji wa Zenica alishamwambia Ifeta zamani: huyu ndivyo alivyo, hakuna cha kumtoa. Ila siku akianza kusikia sauti, mlete upesi, maana wenye usonji nao huugua saikosisi, mtu akapotewa na kipi cha kweli na kipi si cha kweli, na nyumbani wanachelewa kujua, wanadhani ni mambo yake yale yale. Ifeta akaitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari, akatoka hapo akaenda kununua viatu.

Na kilichokuwa kinavuma kilikuwa jini, mjanja yule mbwa, nalo lilichagua nyumba kwa akili. Kwa mtu mwingine lingeonekana siku ya kwanza. Kwa Zumra lilijificha ndani ya mazoea yake kama chawa kwenye sufu. Likawa linavuma anaponyamaza. Likaanza kunong'ona kutoka kwenye pipa la unga, na pipa likawa linatoa harufu ya nywele zilizoungua. Mama yako anatia kitu humo, likasema. Usile.

Zumra akaacha kula.

Sevleta, jirani wa mlango wa pili, alikuja kunywa kahawa akaona sahani imejaa. "Mtoto hali?"

"Aa, huyu kila mwaka ana kitu asichokula," Ifeta alisema. "Mwaka juzi ilikuwa kila cha kijani. Tulikula viazi mpaka nikafanana navyo!"

Wakacheka wote wawili, masikini. Zumra akasimama mbele yao, macho yake kwenye birika la shaba.

"Kujitikisa ni mimi," alisema. "Mvumo ni mimi. Hiki kinachonong'ona si mimi. Kimeingia. Nipeleke Zenica, mama."

"Heee, Ifeta! Binti yako leo kaongea kama mwanasheria!"

"Kwa theluji hii nikupeleke Zenica?" Ifeta alisema. "Na kwa daktari wa vichaa? Watu waseme nini?"

Zumra akalichukua pipa zima akalimwaga uani, unga juu ya theluji. Hapo ndipo Ifeta alipoogopa, na alipoogopa hakwenda Zenica. Alimwita Bi Hajrija, mganga anayeyeyusha madini ya risasi na kuyamwaga kwenye maji ili kumtoa mtu hofu.

Bi Hajrija alikuwa mwanamke mnene wa matani mengi. "Mlete huyo mwali," alisema, huku risasi inayeyuka kwenye kikombe chake cha chuma juu ya jiko. "Hofu ikishatoka, atakuombeni mume!" Akamkalisha Zumra kwenye kigoda, Ifeta na Sevleta wakatandaza shuka juu ya kichwa chake na kushika bakuli la maji juu ya shuka.

Jamani, Zumra! Giza lile la shuka, joto la pumzi yake mwenyewe, vidole vya watu mabegani, na mara risasi ikaanguka majini ikapiga kelele, tssssaa, kelele iliyompasua kichwa, akaanza kujitikisa kama anavyojitikisa tangu utotoni na kuvuma kwa nguvu ili asisikie, na Bi Hajrija akapaza sauti, "Lioneni! Lioneni linavyotikisika! Toka, mlaaniwa!" na Zumra akalia, "Huyo ni mimi, mnanifukuza mimi!" na risasi ikamwagwa tena, na tena, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chini ya shuka, na jini lililokuwa limetulia muda wote kama mgeni mwenye adabu likamsogelea sikioni, polepole, likasema neno moja tu.

Pisha.

Mwili ukaacha kujitikisa. Wakafunua shuka. Zumra akamwangalia Bi Hajrija machoni, moja kwa moja, akatabasamu.

"Ahsante, bibi. Nasikia njaa."

Mtaa mzima ulipiga vigelegele. Zumra anasalimia! Zumra anacheka vichekesho! Zumra mwenyewe alikuwa ndani, kama mtu aliyefungiwa chumba cha nyuma nyumbani kwake, anasikia wageni wanakunywa kahawa yake. Alisukuma ulimi, haukuenda. Alitaka kujitikisa hata kidogo, mgongo ukabaki umenyooka kama wa bibi harusi.

Baada ya siku kadhaa Sevleta akaja na habari ya mchumba, mwanamume mmoja wa mji wa Vitez aliyefiwa na mke, mwenye duka la mbao. Ifeta akalia kwa furaha. Na yule aliyekaa mahali pa binti yake akainuka, akafungua mikono, akamkumbatia.

Ifeta alicheka, kisha akarudisha kichwa nyuma amtazame. Miaka yote ile, hata siku ya kumzika baba yake, Zumra hakuwahi kukubali kushikwa. Akitaka kuonyesha mapenzi, alikuwa anasimama karibu na mama yake, bega lisiguse bega, mpaka mama atosheke.

"Zumra hakumbatii mtu," Ifeta alinong'ona. "Yuko wapi mwanangu?"

Huko ndani Zumra alisikia kila neno, akapiga kelele kwa nguvu zake zote, mama, mama, niko hapa, na kinywa chake mwenyewe kikasogea mpaka kwenye sikio la Ifeta, kikiwa na joto kama la jiko.

"Yupo," kilisema. "Anakusikia."

Kisha mikono ikambana Ifeta zaidi, na Sevleta, machozi ya furaha yanamtoka, akapiga makofi.