Asali ya Bibi Yustina

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Loyce alifungulia kuku, akafagia uwanja, kisha akamwamkia bibi yake. Na kuku wa Bibi Yustina, acheni tu! Ukichelewa kuwafungulia, kijiji kizima cha Mtinko kitajua kwamba umelala.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo ndiyo siku ya maonyesho shuleni, eti? Nitakuja mapema nikae mbele."

Loyce aliitikia bila kumtazama. Wiki nzima bibi alikuwa akiwatangazia majirani kwamba asali yake itatoa mwanga shuleni. Mwalimu Gervas aliwafundisha wanafunzi kuchemsha asali na maji ya limau, mtu mzima akiwa karibu, mpaka igeuke kahawia. Kisha huyeyushwa katika maji na kuchujwa kwa kitambaa. Ndani yake hubaki chembe za kaboni, ndogo mno: maelfu zikijipanga mstari hazifiki unene wa unywele. Zikimulikwa na taa maalumu ya zambarau, hutoa mwanga wa buluu.

Bibi alitoa asali yake ya mwisho, aliyoitunza kwa ajili ya kikohozi chake cha wakati wa baridi. Waliipika pamoja, lakini ikaiva kupita kiasi, ikawa nyeusi tii. Jana Loyce aliijaribu peke yake darasani kwa taa ile ya zambarau. Wapi! Haikung'aa hata kidogo.

Maskini, roho ilimuuma. Atamwambia nini bibi? Ndipo akakumbuka jinsi mashati yao meupe yalivyong'aa chini ya taa ile, na mwalimu akasema ni kwa sababu ya sabuni ya unga. Akachukua chupa nyingine ya maji, akatia sabuni kidogo na tone la chai ili ipate rangi.

Saa ya maonyesho ilipofika, wazazi walijaa darasani, madirisha yakazibwa kwa khanga. Mwalimu Gervas aliinua chupa ya Loyce na kuimulika. Ikawaka buluu!

"Heee!" watoto wakashangaa. Bibi Yustina akapiga vigelegele. "Asali yangu hiyo! Mmeiona?"

Mwalimu alitazama povu jembamba juu ya maji. Hakugomba. "Loyce, tueleze ulivyoitengeneza."

Loyce alimtazama bibi yake aliyekuwa akitabasamu gizani. "Si asali, mwalimu," akasema huku machozi yakimtoka. "Ni sabuni. Asali ya bibi iliungua. Bibi, nisamehe."

"Ile ya kweli iko wapi?" mwalimu akauliza taratibu.

"Kwenye mkoba. Nilishindwa kuimwaga."

Mwalimu Gervas aliipokea, akadondosha matone machache katika glasi ya maji safi, akakoroga na kuimulika. Polepole maji yote yakatoa mwanga wa buluu, hafifu lakini wazi.

"Haikuharibika," akasema. "Ilikuwa nzito mno. Chembe zilijazana, mwanga wa taa ukashindwa kupenya. Ilihitaji maji tu. Ungeniuliza jana, tungeipunguza pamoja."

Bibi Yustina aliinuka, akamfuta mjukuu wake machozi kwa ncha ya khanga.

"Ulidanganya kwa sababu ya kunionea huruma, nimeelewa. Lakini ile sabuni nimeipigia vigelegele vya bure, na asali yangu ilikuwa imefichwa mkobani. Kazi ikikushinda, mama, ilete hivyo hivyo tuione. Ukiificha, nani atakusaidia?"

"Sitarudia, bibi."

"Haya, sasa nakipiga kigelegele cha kweli." Akakipiga, mpaka mwalimu akaziba masikio huku akicheka.

Jioni ile bibi aliwasimulia majirani habari yote, na ya sabuni hakuiacha. Loyce aliona haya, lakini alipoulizwa kama ni kweli, alijibu mwenyewe, "Ni kweli," kisha akaenda kufungia kuku.