Uzito wa Meli Tupu

Jua lilikuwa linaegemea milima karani Thaddée aliposhuka gatini Kalundu kuandika meli iliyoingia. Kalamu sikioni. Mwaka ule wa sitini na sita, pale Uvira, kalamu sikioni ilitosha kumfanya mtu aitwe mkubwa.

Meli ndogo ya mizigo ilikuwa imeshapakuliwa saruji yote. Lakini mstari mweupe wa ubavuni, unaoonyesha mwisho wa kupakia, ulikuwa chini ya maji.

"Kapiteni, umebakiza mzigo."

"Minye? Mimi huyu?" Nahodha Sévère akafunua mfuniko wa tumbo la meli. "Angalia mwenyewe, papa. Tangu saa tisa iko tupu."

Tupu kweli. Ila harufu ikapanda… nguo mbichi, moshi wa kuni, maziwa ya mtoto.

Thaddée akarudi nyuma hatua moja.

Miaka miwili kabla, waasi wakiwa wamefika mlangoni mwa mji, watu walijazana hapo hapo gatini. Yeye alisimama kwenye ngazi akawaambia meli hii hii imejaa. Mstari mweupe ulikuwa mkavu, mkono mzima juu ya maji. Lakini ndani mlikuwa na viti vya sebuleni vya mkubwa wake, na watu wale walikuwa na matope miguuni.

Bubujiko.

Meli ikashuka kidole kingine.

"Tukiondoka hivi tutazama," Sévère akanong'ona.

Nyuma yao alikuwa amesimama Pétronille, muuza ndagala, akingoja kusafiri. Siku ile ya waasi alikuwa wa mwisho kupanda. Ngazi ilivutwa mdogo wake Georgette akiwa bado chini, mtoto mgongoni. Hawakuonekana tena.

Thaddée akatazama viatu vyake. "Mama Pétronille… siku ile meli haikujaa."

"Najua. Nililala juu ya kiti cha mkubwa wako."

"Na kila asubuhi unanisalimia?"

"Nilikuwa nangoja useme weye mwenyewe." Akaelekeza kidevu kwenye giza la mle ndani. "Lakini si minye wa kuambiwa kwanza. Shuka."

Alitaka kucheka, kama mtu aliyesoma. Cheko halikuja. Akashika ngazi ya chuma, akashuka… kidato… kingine… hadi giza likamfika kifuani.

"Samahani," akasema.



Kisha, chini yake, miguu mingi yenye maji ikaburuzika taratibu. Mtoto akakohoa.

Walioachwa siku ile walikuwa wanabanana, wampe nafasi.