Kengele na Kiti Kinachotazama Nyuma

Kila asubuhi fundi wa vioo alipakia mzigo wake kwa mikono yake mwenyewe. Kazi hiyo hakumwachia mtu.

Kioo cha kwanza alikisimamisha nyuma ya pikapu, kikaegemea ubao ulio mgongoni mwa dereva. Ubao huo ulivikwa blanketi nene. Kioo cha pili akakiegemeza kwenye cha kwanza, karatasi ngumu ikiwa katikati. Akafunga kamba. Akavuta. Akatikisa. Akavuta tena.

"Kioo hakina msamaha," alizoea kusema. "Ukikibeba kwa adabu, kinafika. Ukikibeba kwa pupa, kinafika vipande."

Binti yake alikuwa amekaa kizingitini akimtazama. Alikuwa ametimiza miaka miwili juzijuzi. Jina lake lilikuwepo, lakini nyumbani hakuna aliyelitumia. Walimwita Kengele, kwa sababu tangu alfajiri hadi usingizi umshike, hakunyamaza.

"Baba, kioo! Baba, kamba! Baba, paka!"

"Naona, Kengele. Naona vyote."

Simu ya fundi ikalia. Ilikuwa sauti ya mkewe, imechoka lakini inacheka.

"Baba Kengele, daktari ameturuhusu. Njooni mtuchukue, mimi na mgeni wako."

Fundi alisahau kamba mkononi. Alimnyanyua Kengele juu ya kichwa chake, akamzungusha.

"Mdogo wako anakuja nyumbani! Leo! Unasikia, Dada Mkubwa?"

"Leo!" Kengele akapiga kelele. "Mtoto leo! Kengele bele!"

"Ndiyo, utakaa ukitazama mbele. Baba alikuahidi."

Na kweli alimwahidi. Mkewe alipokwenda kujifungua, Kengele alilia sana. Ili kumtuliza, fundi alimwambia maneno haya: "Mdogo wako akija, yeye atakaa kwenye kiti chako cha gari, kile kinachotazama nyuma. Wewe utapata kiti kipya. Utatazama mbele kama baba." Tangu hapo mtoto hakuimba wimbo mwingine. Na fundi alikuwa mtu wa neno lake. Mteja akiahidiwa dirisha Jumanne, Jumanne alipata dirisha. Je, mwanawe apate pungufu?

Wakati huohuo shemeji yake aliingia uani. Huyu alikuwa dada wa mkewe, muuguzi katika wodi ya majeruhi. Siku hiyo alikuwa na mapumziko.

"Shemeji!" aliita toka mlangoni. "Bado unabembeleza vioo, na mkeo yuko hospitali anasubiri gari?"

"Karibu, shemeji. Umekuja kusaidia au kusema?"

"Vyote viwili. Wewe kichwa chako ni kioo. Mtu akitazama anaona moja kwa moja kwamba ndani hamna kitu."

Walicheka. Mzigo wa pikapu ukaahirishwa, mteja akapigiwa simu, naye akatuma hongera. Kisha wakaliendea gari dogo la nyumbani. Fundi alimfunga Kengele katika kiti chake cha zamani. Shemeji aliinama, akachungulia.

"Kiti hiki ulikinunua kipya?"

"Kipya. Na gari hili halijawahi kugongwa hata kidogo."

"Vizuri. Hata tarehe yake ya mwisho wa matumizi haijafika, imeandikwa hapa chini. Mdogo wake atakitumia bila shaka. Kiti ambacho hujui kilikotoka, au kilichopata ajali, usikiamini hata ukipewa bure. Lakini tazama kichwa cha Kengele. Kinakaribia kabisa ukingo wa juu. Kiti hiki hakimtoshi tena."

"Ndiyo maana tunakwenda dukani," alijibu fundi kwa fahari.

Duka lilikuwa na viti vya kila rangi. Kimoja kilikuwa chekundu, kina mahali pa kuweka kikombe, na kilitazama mbele. Kengele alikikimbilia, akakipanda kabla hajaulizwa.

"Bele! Bele!"

"Mtoto ana macho," alisema muuzaji, mwanamume mchangamfu mwenye miwani. "Ana miaka mingapi, ndugu yangu?"

"Miwili."

"Basi huyo ni mtu mzima! Akitazama nyuma, miguu itajikunja."

Fundi alikuwa ameshaingiza mkono mfukoni.

"Ngoja kwanza, shemeji," alisema muuguzi. Sasa hakucheka. "Kiti hiki hakigeuki. Kengele bado anatakiwa kutazama nyuma."

"Nyuma? Nyuma ni kwa mtoto mchanga. Huyu ni dada mkubwa."

"Kutazama mbele si cheo, shemeji. Hapandishwi daraja kwa kuwa mama amezaa."

"Nilimwahidi!" Sauti ya fundi ilipanda, na wateja wawili wakageuka. "Neno langu ni neno langu. Nitamwambia nini? Kwamba baba yake ni mwongo siku ileile anapompata mdogo?"

Muuguzi hakupandisha sauti. Aliuliza swali moja tu.

"Pikapu yako ikifunga breki ghafla, vioo vinakwenda wapi?"

Fundi alikunja uso. "Haviendi popote. Vinaukandamiza ubao. Uso wote wa kioo unalala kwenye ubao, kwa hiyo hakuna sehemu inayobeba uzito peke yake."

"Na ungekisimamisha kioo kikiwa hakina ubao mbele yake? Ukikishika kwa kamba mbili tu, hapa na hapa?" Aligusa mabega yake mwenyewe.

"Kingekatika! Kamba zingeshika sehemu mbili, na sehemu ya juu ingeendelea na safari. Hata mwanafunzi wa siku ya kwanza hawezi..."

Fundi aligeuka. Alimtazama Kengele, aliyekuwa akirukaruka kwenye kiti chekundu. Alitazama mikanda miwili ya mabega. Kisha akatazama kile kichwa kikubwa cha mviringo juu ya shingo nyembamba.

"Umeona mwenyewe," alisema muuguzi polepole. "Gari likigonga kitu mbele, kila kilichomo huendelea kwenda mbele. Mtoto anayetazama mbele hushikwa na mikanda mabegani. Mabega yanabaki, kichwa kinakwenda. Na kichwa cha mtoto ni kizito mno kwa mwili wake, wakati mifupa ya shingo bado haijakomaa. Lakini akitazama nyuma, kiti ndicho ubao wako. Kichwa, shingo na mgongo, vyote vinaegemea pamoja. Mimi nawapokea wodini wa namna zote mbili, shemeji. Sitaki kumpokea Kengele."

Fundi alitoa mkono mfukoni, mtupu.

"Hadi lini, basi?"

"Si hadi sherehe ya kuzaliwa. Hadi atakapofikia kikomo cha kiti chenyewe, cha uzito au cha urefu, kitakachotangulia. Kimeandikwa kwenye lebo."

"Na miguu?" aliuliza muuzaji. Hakuuliza kwa ubishi. Alitaka kujua kweli.

Muuguzi alimwonyesha Kengele kwa kidevu. Mtoto alikuwa ameshuka, amekaa sakafuni, miguu ameikunja kama mshona viatu, anazungumza na kikombe alichokikuta kitini.

"Nani amemlazimisha kukaa hivyo? Watoto wanapenda kukunja miguu. Haiwaumizi."

Muuzaji alivua miwani, akaifuta. "Miaka yote hii nawaambia watu habari za miguu," alisema. "Njooni huku."

Kwenye rafu ya nyuma kulikuwa na kiti cha kijivu, kikubwa, kisicho na mbwembwe. Lebo yake ilisema kwamba mtoto anaweza kutazama nyuma mpaka afike kilo kumi na nane. Kengele alikuwa na kilo kumi na mbili. Wakamkalisha. Juu ya kichwa chake kulibaki nafasi ya kutosha. Mikanda ilitokea usawa wa mabega yake, wala si juu yake.

"Tusilipe bado," alisema muuguzi. "Kiti kizuri ni kile kinachokaa vizuri katika gari lako. Tukakijaribu kwanza."

Hapo fundi akawa katika ufalme wake. Alivua saa, akakunja mikono ya shati. Muuguzi alishika kijitabu cha kiti, akasoma kwa sauti. Muuzaji alishika mlango.

"Kisiwekwe kiti cha mbele penye mfuko wa hewa," alisoma muuguzi. "Mfuko ukifumuka, utakipiga kiti mgongoni."

"Nyuma tu," alijibu fundi. "Viwili, kila kimoja upande wake."

Cha zamani kilihamia nyuma ya dereva. Cha kijivu kilikaa upande wa pili. Ilibidi kiti cha abiria kisogezwe mbele kidogo. Fundi alipitisha mkanda wa gari mahali palipoonyeshwa, akakandamiza kiti kwa goti, akavuta. Akakishika pale mkanda ulipopita, akakitikisa. Kilicheza.

"Imetosha, ndugu," alisema muuzaji.

"Haijatosha. Kinacheza zaidi ya upana wa kidole." Fundi alifungua mkanda, akaanza upya. Jasho lilimtoka. Alivuta tena, akatikisa tena. Safari hii gari zima liliyumba, kiti kikabaki palepale.

"Hakitikisiki!" alipiga kelele kama mfungaji wa bao. Muuzaji akapiga makofi. Hata mlinzi wa mlangoni akapiga, ingawa hakujua sababu.

Lakini lilibaki jambo moja, na hilo halikuwa na kijitabu. Fundi alichuchumaa mbele ya binti yake.

"Kengele, baba alikuahidi utazame mbele. Baba alikosea. Mbele utakwenda baadaye, ukikua. Leo bado."

Midomo ya Kengele ilianza kutetemeka. "Bele," alinong'ona.

Fundi alifikiri. Kisha akachukua kitambaa chake cha kazi na chupa ya maji, akaliendea dirisha kubwa la nyuma ya gari. Alilisugua kama anavyosugua kioo cha duka la vito, ndani na nje, mpaka likapotea machoni. Akamkalisha Kengele kwenye kiti cha kijivu, akakaza mikanda mpaka vidole havikuweza kuifinya ikakunjana.

"Hiki ni kioo chako," alisema. "Baba anatazama mbele. Nani anatazama nyuma? Sina mtu. Nahitaji mlinzi."

Kengele alitazama. Barabara nzima ilikuwa yake.

"Gari!" alisema. Kisha kwa sauti kubwa zaidi: "Baba! Gari jekundu!"

"Ahsante, mlinzi."

"Sasa lipa," alisema muuguzi.

Hospitalini mama alishuka ngazi taratibu, mgeni akiwa kifuani. Kengele alimkimbilia, akamgusa mdogo wake pua, akatangaza kwa wauguzi wote: "Mtoto wangu!" Mama alipoviona viti viwili vimetazama nyuma, macho yalimjaa maji.

"Kengele hatazami mbele? Na ahadi yako?"

"Nimempa kazi bora zaidi," alijibu fundi.

Alitaka kumfunga mtoto mchanga akiwa ndani ya blanketi, lakini shemeji alimzuia. "Mkanda kwanza, ukutane na mwili. Blanketi baadaye, juu ya mkanda."

Mama alikaa mbele, na muuguzi akajibana nyuma katikati ya viti viwili, akilalamika kuhusu nyonga zake. Safari ikaanza. Fundi hakuwahi kuendesha kwa adabu namna ile. Nyuma Kengele alitoa taarifa. "Kwaheri, mti! Kwaheri, baba wa baiskeli!"

Karibu na nyumbani, mbwa alichomoka kati ya magari yaliyoegeshwa. Fundi alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Matairi yalilia. Chupa ya chai iliyokuwa miguuni mwa mama iligonga chuma kwa kishindo. Mkoba uliruka mbele. Mbwa alivuka, akaenda zake.

Fundi aliogopa kugeuka.

"Shemeji?" aliita.

"Kichanga kimelala," ilijibu sauti ya muuguzi. "Hata hakijakunja uso. Na huyu..."

"Tena!" Kengele alipiga kelele kwa furaha. "Baba, tena!"

Mama alicheka mpaka akashika tumbo. Fundi aliweka paji la uso kwenye usukani, akacheka pia, kisha akafuta macho kwa kitambaa cha vioo.

"Hakuna tena," alisema. "Mlinzi, endelea na kazi."

Tangu siku hiyo mteja akiegesha gari uani, fundi haanzi na vipimo vya dirisha. Hutazama kwanza kiti cha nyuma. Wengine humcheka. Jirani mmoja alimwambia, "Fundi, binti yako anakua, bado unamgeuza nyuma kama kichanga?"

Fundi alikuwa akiegemeza kioo kwenye ubao wa pikapu. Hakugeuka.

"Subiri nimalize kufunga hiki," alimjibu. "Kisha lete gari lako hapa, na mtoto wako, tutazame pamoja."

Jirani alilileta jioni ileile.