Kota Namba Ishirini na Nne

Siku ya tatu baada ya kuhamia kota za kiwanda cha pamba, Salu alikataa ziwa.

Usiniambie watoto ndivyo walivyo. Huyu wa miezi mitano alikuwa mlafi kuliko mashine ya kuchambua pamba. Alikuwa ananyonya ziwa hili huku jicho liko kwenye lile. Sasa akawa anageuza uso, ameshiba, tumbo gumu kama robota la pamba. Mama yake, Veronica, akainama kumnusa mdomo. Maziwa ya ng'ombe. Mabichi, yenye moshi, kama yametoka kwenye kibuyu sasa hivi. Na kota zile hakuna aliyefuga hata kuku, kiwanda kilikataza.

Kota zenyewe, tuambiane ukweli, zilikuwa kali. Nyumba sitini, mistari sita, kumi kumi, bati la bluu, kando ya barabara ya Nkololo, zimenyooka mpaka zinakera. Mhandisi aliyezichora alitoka Dar, akaelekeza kila mlango kiwandani, ili king'ora kikilia mtu afungue akute kazi inamtazama. Nyuma hakuna mlango wala dirisha, ukuta mtupu. Mjengee Msukuma nyumba ya hivyo, atakushukuru kwa umeme na kukusengenya kwa mengine yote. Limbu, mume wa Veronica, hakusengenya. Alikuwa ametoka kubanana miaka minne kwenye chumba kimoja Bariadi mjini, na kota yake, namba ishirini na nne, alijivunia utadhani kaioa.

"Umempa maziwa ya dukani wewe," alimcheka mkewe.

"Nimempa lini, baba Salu? Mnuse."

Akanusa. Kicheko kikakatika.

Kesho yake saa saba mchana, jua linachoma bati, Veronica alimlaza mtoto kitandani akatoka kuanua nguo. Aliporudi, kitanda kitupu. Salu alikuwa sebuleni, katikati ya sakafu, chali, nywele zimepakwa samli, anachekea dari. Mtoto ambaye hata kutambaa hajui.

Ikawa kila siku, saa ile ile. Kwanza inakuja harufu ya mkojo wa ng'ombe na mbolea mbichi, halafu chini ya saruji kwato zinaanza kukanyaga taratibu, moja, mbili, kisha nyingi, zinazunguka sebule kama kundi linalotafuta pa kutokea na kugonga ukuta wa nyuma na kurudi na kugonga tena, na katikati ya kwato hizo sauti ya mwanamke inabembeleza kwa Kisukuma, polepole, kwa mapenzi, mpaka Veronica akajikuta anaona wivu kabla hajaona hofu, maana Salu alikuwa anaigeukia sauti ile kuliko ya mama yake.

"Atanisahau," alimnong'oneza mumewe. "Mwanangu ananisahau hivi hivi naona."

Limbu, yule wa majivuno, akapanda bodaboda hadi Nkololo kumchukua Kwandu, bibi mganga mwenye koti la kiume na simu mbili. Bibi alivua kandambili mlangoni, akasimama katikati ya sebule kama anayesikiliza kwa nyayo.

"Mwadila, mayu," Veronica alimwamkia kwa heshima, kama anayemwita mama.

"Mwadila, mwanangu. Hapa palikuwa mji wa mzee Machibya, boma na zizi lake. Walipojenga walihamisha makaburi mangapi?"

"Saba," Limbu alijibu. "Wake zake na watoto."

"Na mwenye mji?"

Limbu akatazama sakafu. Wazee wa zamani walimzika mwenye mji ndani ya zizi, ng'ombe wakakanyaga juu mpaka kaburi likafutika. Mpima ardhi alikuwa anatafuta msalaba na saruji. Zizini aliona mbolea, akaandika: hakuna.

"Kwa hiyo ni mzee anatutesa?" Veronica aliuliza.

"Mzee angekusalimia. Hili ni jini. Limekuta zizi lina ng'ombe wa wafu, mwenyewe kafunikwa saruji hawezi kulifukuza, likajifanya mama wa mji. Mji una maziwa, linataka mtoto wa kuyanywa." Akaonyesha ukuta wa nyuma. "Lango la zizi lilikuwa hapo. Bomoa, litoke na ng'ombe wake."

"Mayu, hapa ukibomoa tofali moja umefukuzwa kazi."

"Basi mwachie mtoto."

Limbu akaenda kuazima nyundo.

Saa saba ilipokaribia, Kwandu alimwingiza Veronica chumbani na Salu. "Funga. Mkumbatie. Ukiitwa, hata na mumeo, usiitike."

Nyundo ilipiga, saruji ikaruka, na kadiri tundu lilivyopanuka ndivyo kwato zilivyozidi, sebule nzima ikatikisika, harufu ya mbolea ikatanda, macho ya Limbu yakajaa vumbi asione hata mkono wake, akapiga kwa kubahatisha tu huku vitu vyenye joto na manyoya vikimsugua mapaja vikipita, vingi, haviishi, na nyuma kabisa likapita vazi laini likimgusa shavu, kama khanga. Kisha kimya.

Chumbani Salu akalia. Kilio cha njaa! Halafu kikazimika, ikasikika sauti ya mtoto anayenyonya kwa pupa. Limbu alikaa chini akacheka na kulia pamoja.

Meneja, bwana Sylvester wa Mwanza, akaja anahema, akasimama nje ya tundu.

"Limbu! Ng'ombe wa nani wale? Sheria si unaijua?"

"Ng'ombe gani, bosi?"

"Waliotoka hapa! Nimewaona kutoka ghorofani kiwandani. Na mkeo anawaswaga, mtoto mgongoni. Nimemwita, hata kugeuka hakugeuka."

Limbu akainuka, akatoa mguu mmoja kwenye tundu, akatazama vumbini. Kwato, kwato, na juu yake nyayo za miguu mitupu ya mwanamke, zimeelekea mashamba ya pamba.

"Baba Salu," Veronica aliita kutoka chumbani, sauti tamu. "Njoo umwone mwanao anavyonyonya."

Na huko mashambani, mbali, sauti ile ile ya Veronica ilikuwa inapiga yowe: "Baba Salu! Baba Salu, siwezi kugeuka!"

Kwandu akamkamata mkono.

"Usiitike," alinong'ona. "Usiitike hata moja. Ngoja kwanza tujue yupi ni wako."

Limbu alibaki kwenye tundu, mguu mmoja ndani, mmoja nje.