Daftari la Mazoezi ya Baba

Kila asubuhi, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufua soksi za baba. Niliziloweka kwenye beseni nyuma ya nyumba, nikageuza uso pembeni, nikashika pua kwa mkono mmoja na kufikicha kwa mkono wa pili. Maji yalikuwa meusi hata kabla sijatia sabuni. Sisi watu wa Nkome, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, harufu si ngeni kwetu. Dagaa wakianikwa, kijiji kizima kinanuka na hakuna anayelalamika. Lakini dagaa wana nafuu. Soksi zile zilinitia kinyaa mpaka chai ikanishinda.

Mambo hayo yalianza mwezi Mei, wazazi wangu walipokwenda zahanati kupimwa presha. Mama alikutwa mzima. Baba alikutwa na presha ya kupanda. Baba ni mfanyabiashara wa dagaa, lakini dagaa wenyewe hawagusi; hushinda kwenye kiti akiwaelekeza watu wanaopakia magunia. Nesi Chausiku alimpa vidonge, akamwambia apunguze chumvi na mafuta, na afanye mazoezi nusu saa kila siku. Aandike kwenye daftari, kisha arudi baada ya mwezi.

"Mbona Mama Vaileth hana presha na tunakula chungu kimoja?" baba alilalamika jioni ile. Akajijibu mwenyewe: "Ni damu ya ukoo wao."

Alinunua raba nyeupe na suti ya michezo ya kijani. Kila alfajiri alitoka na rafiki yake Frank, wakipuliza filimbi mpaka mbwa wa jirani wakabweka. Saa hiyo mama alikuwa ameshafika bombani mara ya pili. Bomba letu liko bondeni, na kurudi ni kupanda mlima. Mama alipandisha ndoo nne, akafagia uwanja, akawasha moto, kisha akaenda ufukweni kuanika dagaa na kuwageuza jua lilipochomoza, akarudi nyumbani.

Baba aliporudi, alivua raba mlangoni, akapenga kamasi palepale mama alipokuwa amefagia, akasema, "Mama Vaileth, maji ya kuoga. Nimechoka. Mazoezi si mchezo."

Nilitazama ile kamasi mchangani, nikatazama ndoo alizobeba mama, nikatamani kutapika.

Siku moja mama alimwambia kwa upole, "Baba Vaileth, kwa kuwa unaamka mapema, ungenipandishia hata ndoo moja. Nayo si mazoezi?"

Baba alicheka. "Kazi za nyumbani ni kazi tu. Mazoezi yana nguo zake na saa zake. Tena, umeona wapi mwanamume wa kijiji hiki amejitwika ndoo kichwani?"

Daftari niliandika mimi, kwa sababu mwandiko wa baba ni kama kuku aliyeparura. Kila siku alinitamkia nami nikaandika: Jumatatu, kukimbia, nusu saa. Jumanne, kukimbia, nusu saa. Niko darasa la sita na mwandiko wangu husifiwa shuleni. Nilijitahidi upendeze.

Wiki ya pili baba alisahau, akaondoka na ufunguo wa stoo mfukoni. Mama akanituma nimkimbilie kabla hajafika mbali. Sikuhitaji kukimbia sana. Nilimkuta yeye na Frank kwenye banda la supu la Mama Shadya, hatua chache tu kutoka kwetu. Walikuwa wamekaa karibu na jiko, jasho likiwatiririka kwa moto na pilipili. Mbele yao kulikuwa na mabakuli ya supu ya utumbo. Mafuta ya manjano yameelea juu, mengine yameanza kuganda ukingoni. Baba alikuwa akivuta kipande cha utumbo kwa meno. Mafuta yalimchirizika mpaka kidevuni, akajifuta kwa mkono wa ile suti ya kijani, kisha akaongeza chumvi. Nzi alitua kwenye bakuli la Frank. Frank akamfukuza, akaendelea kunywa.

Kumbe ndiyo maana ile suti ilikuwa na madoa yasiyotoka.

"Vaileth!" baba alishtuka. Kisha akatabasamu. "Karibu, mwanangu. Mama Shadya, mpe mtoto chapati."

Nilimwamkia Mama Shadya, nikakaa.

"Mambo ya hapa yanaishia hapa," baba alisema akinisogezea chapati. "Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Nikala. Chapati ilikuwa imeloa mafuta, vidole vyangu vikang'aa mpaka nyumbani. Jioni ile baba alinitamkia kama kawaida, nami nikaandika kwa mwandiko mzuri: kukimbia, nusu saa. Nilikuwa namwona baba anachukiza. Tangu siku ile nilianza kujiona na mimi ninachukiza, lakini niliendelea kuandika.

Mwezi ulipokwisha tulikuwa likizo, hivyo baba alinichukua zahanati nimsomee daftari. Nesi Chausiku alilipokea, akafunua kurasa, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Hukukosa hata siku moja, mzee. Hongera. Na mwandiko huu ni wa nani?"

"Ni wangu," nilisema.

Akamfunga baba kitambaa cha kupimia presha mkononi, akapima. Akapima mkono wa pili. Tabasamu lake likafutika.

"Imepanda zaidi ya mwezi uliopita," alisema. "Chumvi umepunguza?"

"Nimepunguza," baba alijibu akitazama dirishani.

"Basi dawa hii haikutoshi. Itabidi niongeze nyingine yenye nguvu zaidi." Akachukua kalamu. "Ila nataka nihakikishe. Dozi naipanga kwa maelezo ninayopewa. Nikipewa maelezo ya uongo, naweza kumpa mtu dawa asiyoihitaji ikamwangusha. Au akaendelea na yale yanayomwumiza mpaka mshipa wa kichwani ukapasuka, tukamzika. Nimeshuhudia yote mawili."

Kisha akanigeukia. "Wewe ndiye mwandishi. Haya uliyoandika ni kweli?"

Baba alikohoa. Nilihisi yale mafuta ya chapati yamerudi kooni, mazito, kama nimeila muda uleule. Nilijua kumwaibisha baba mbele ya watu ni kosa kubwa. Nilijua pia kuwa kalamu ya nesi ilikuwa inasubiri mwandiko wangu.

"Si kweli," nilisema. "Hakimbii. Anakwenda kunywa supu ya utumbo, anaongeza na chumvi. Mimi nilipewa chapati ninyamaze. Nisamehe, baba."

Nilisubiri kibao, hakikuja. Baba aliinamisha kichwa akazitazama raba zake nyeupe.

"Mtoto amesema kweli," alisema mwishowe. "Siku ya kwanza nilijaribu, kifua kikabana, nikaona aibu. Frank akasema tupumzike kwa Mama Shadya. Tukazoea."

Nesi aliweka kalamu chini. "Nani amekwambia lazima ukimbie? Mkeo presha yake ni nzuri. Unafikiri ni kwa nini?"

"Lakini yeye hafanyi mazoezi, anafanya kazi za nyumbani tu."

"Kazi zipi?"

Baba alianza kuzitaja: maji, kufagia, kuni, dagaa. Kadiri alivyozitaja ndivyo sauti yake ilivyopungua.

"Hapo nyumbani mwenye mazoezi ni yeye," alisema nesi. "Moyo wako haujui kama umevaa suti ya michezo au umejifunga msuli. Unajua tu kama unafanyishwa kazi. Kuchambua mchele umekaa, hapo siwezi kukuhesabia. Lakini kazi inayokufanya uhemeke, ukaweza kuongea ila ukashindwa kuimba, hayo ni mazoezi. Anza na ndoo ndogo, upande polepole, ukisikia kizunguzungu upumzike. Vidonge usiache. Na supu ile uiage."

Tulirudi nyumbani. Baba alimweleza mama kila kitu mwenyewe. Mama hakumgombeza. Alikwenda kuleta ndoo ya lita kumi na kata ya nguo, akaviweka miguuni pake.

Asubuhi iliyofuata majirani walitoka nje kutazama. "Mwangaluka, Baba Vaileth," bibi mmoja alimsalimu kwa Kisukuma. "Mkeo anaumwa?"

"Mwangaluka. Mke wangu mzima. Anayeumwa ni mimi," baba alijibu akihema, maji yakimwagikia shingoni.

Nilikuwa nyuma yake na ndoo yangu. "Baba, hebu imba," nilimwambia. Alifungua mdomo, pumzi ikakata, tukacheka wote wawili.

Mwezi Julai tulirudi kwa Nesi Chausiku. Safari hii daftari aliandika baba mwenyewe, na nesi alilisogeza karibu na macho ili aelewe ule mwandiko wa kuku aliyeparura. Jumatano, ndoo tatu. Alhamisi, kugeuza dagaa. Ijumaa, sikufanya, nilikuwa mvivu. Jumamosi, nilikunywa supu, nusu bakuli.

Alipima presha. Ilikuwa imeshuka. Haijafika anapotaka, alisema, lakini hakuongeza dawa.

"Daftari la kwanza lilikuwa zuri kutazama, na lingekuua," alimwambia baba. "Hili lina siku za uvivu ndani yake, ndiyo maana naweza kukutibu nalo." Kisha akanitazama mimi. "Nawe mwandishi, heshima kwa mzazi si kumfichia linalomdhuru. Na kazi ya nyumbani ni mazoezi kwa anayeifanya, siyo kwa anayesubiri maji ya kuoga."

Siku hizi mama hunywa chai yake amekaa. Baba hufua soksi zake mwenyewe. Juzi nilimkuta nyuma ya nyumba ameinamia beseni, amegeuza uso pembeni, ameshika pua.

"Vaileth," aliniambia, "mwezi mzima ulivumiliaje hiki kitu?"