Tumbo la Lamunu Halikandwi

Lamunu alikuwa akimenya matoke nje ya nyumba yake, mtaani Kyebando. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Ghafla aliangusha kisu, akashika ubavu wa kulia.

“Huyo anapiga teke kama baba yake,” alisema Alal, mama mkwe wake. “Lala mkekani nikukande.”

Alal alikuwa amekwisha kujimiminia mafuta ya simsim mkononi, Kulthum alipofika. Kulthum ni jirani, tena mkunga. Aliwaletea nusu yao ya sabuni. Bidhaa zilikuwa adimu, hata sabuni iligawanywa kwa kisu.

“Mama, toa mkono!”

“Mimi? Nimekanda wake wa polisi kambi nzima, wewe hujaota meno!”

“Nakuheshimu, mama. Toa mkono. Lamunu, unaumwa wapi?”

“Hapa, chini ya mbavu. Maumivu yanapanda begani. Nikisimama naona giza.”

Kulthum alimshika mshipa wa mkono. Ulikuwa ukienda mbio.

“Hilo si teke. Huenda damu inavuja ndani. Ukikanda, utaiongeza. Twende hospitali ya Mulago sasa hivi.”

Muuza ndizi aliwapakia kwenye pikapu yake. Njiani, huko Kalerwe, wakasimamishwa na wanajeshi.

“Wee mama, tumbo iko na nini? Sukari ya magendo?” aliuliza mmoja, akanyoosha mkono abonyeze.

Alal alimpiga kofi mkononi.

“Toa mkono! Damu inavuja humo. Ukibonyeza, utaua wawili!”

Mwanajeshi alimtazama Lamunu. Mjamzito huyo alikuwa amepauka kama jivu.

“Pita,” alisema.

Mulago walimpasua upesi. Mtoto alitoka akilia. Kisha madaktari wakazuia damu iliyokuwa ikitoka kwenye uvimbe uliopasuka katika ini.

“Ni saratani?” Alal aliuliza.

“Hapana,” alisema daktari. “Ni uvimbe usio wa saratani. Mwanamke anaweza kuishi nao asijue. Lakini mimba huweza kuukuza hadi upasuke. Hata vidonge vya kuzuia mimba huweza kuukuza.”

“Nilivimeza miaka mingi,” alisema Lamunu, ambaye sasa alikuwa amezinduka.

“Wewe usivimeze tena. Tutakupa njia nyingine. Na kabla ya kubeba mimba nyingine, njoo kwanza tukupime.”

Mtoto, Amito, sasa anatambaa. Wajawazito wa Kyebando bado wanamjia Alal, lakini siku hizi anakanda miguu tu. Kwanza anauliza, “Unaumwa chini ya mbavu?”

Anayejibu ndiyo hapakwi hata tone la mafuta. Anapelekwa Mulago, Alal nyuma yake, akimhimiza.